Binti Yangu Anataka Kucheza Mpira: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafundisha timu ya wasichana hapa Tanga, kwenye uwanja wa vumbi ambao goli moja lina nguzo za miti na la pili la mabomba tuliyopewa na fundi. Maswali haya ndiyo ninayokutana nayo kila wiki. Yanatoka kwa mama anayesimama pembeni ya mstari na beseni la vitumbua, baba anayepiga simu usiku watu wakishalala, na bibi anayemtuma mjukuu mwingine aje amuulizie. Nimeanza na yale ya mwanzo kabisa, nikaishia na yale yanayokuja binti akishafika mbali. Jibu likiwa limeshatolewa sehemu nyingine, nimekuelekeza kwenye namba yake.

## Kabla ya kuanza

1. Mpira wa miguu si mchezo wa wanaume?

Sheria za mchezo ziko 17, na hakuna hata moja inayomtaka mchezaji awe mwanaume. Kilichoufanya uonekane wa wanaume ni marufuku zilizowekwa na watu, na tarehe zake zinajulikana.

Tarehe 26 Desemba 1920, timu ya wanawake ya kiwandani iliyoitwa Dick, Kerr Ladies ilicheza kwenye uwanja wa Goodison Park, Liverpool, mbele ya watazamaji 53,000. Wengine maelfu walibaki nje. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1921, chama cha soka cha Uingereza kikazifungia timu za wanawake viwanja vya wanachama wake, kwa hoja kwamba mchezo huo hauwafai wanawake. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 50. Brazil nayo ilipiga marufuku kwa amri ya serikali kuanzia 1941 hadi 1979. Ujerumani Magharibi ikafanya hivyo hivyo kati ya 1955 na 1970.

Kwa hiyo mtu akikuambia wanawake hawajawahi kuupenda mpira, mwambie walifungiwa geti wakati uwanja umejaa.

2. Sawa, lakini si utamaduni wetu. Kwa nini asicheze netiboli?

Akiipenda netiboli, acheze. Ni mchezo mzuri na mgumu. Ila tusidanganyane kuhusu utamaduni: netiboli nayo ilitoka Uingereza, ikaletwa na shule za wakoloni kama ulivyoletwa mpira wa miguu. Walipofika hapa wavulana wakapewa huu na wasichana wakapewa ule, nasi tukarithi mgawo huo. Vya kwetu ni rede, kombolela na kuruka kamba, na msichana aliyekwepa mpira wa rede tangu ana miaka sita huja kwangu akiwa tayari anajua kuukwepesha mwili. Mabeki wangu wazuri nimewatoa huko.

3. Aanze akiwa na umri gani? Wa kwangu ana miaka 14, amechelewa?

Hajachelewa. Wa miaka saba au minane wanacheza chandimu tu, na hiyo inatosha. Kuanzia miaka 10 ndipo tunaanza kufundisha kutuliza mpira, kupiga pasi na kukaa kwenye nafasi. Nimewahi kumpokea wa miaka 16 ambaye hakuwa amegusa mpira kabisa. Sasa ni golikipa wa kwanza, kwa sababu alizoea kudaka machungwa yanayorushwa kutoka kwenye lori.

Anayeanza na miaka 14 atakuwa nyuma ya wavulana wa rika lake kwa mguso wa mpira, kwa kuwa wao wameucheza barabarani miaka minane. Hilo huwavunja moyo wengi wiki ya kwanza. Mpe mpira akae nao nyumbani apige danadana uani, na baada ya miezi mitatu utaona tofauti.

4. Anaweza kucheza pamoja na wavulana?

Mazoezini, hadi miaka 11 au 12, naona ni jambo zuri, maana miili bado inalingana. Mechi za mashindano zinatenganishwa: UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari zina timu za wasichana peke yao. Wakishabalehe, uzito na kasi vinaachana, na mimi huwatenganisha kwenye mazoezi ya kugombea mpira.

Wengi wa waliofika mbali walianzia kwa kaka zao, kwa sababu mtaani hapakuwa na wengine wa kucheza nao. Ukiona wa kwako anacheza na wavulana sita wa jirani, usimtoe. Angalia tu kama wanampa pasi.

5. Anahitaji vifaa gani?

Bukta, fulana, soksi ndefu, kinga za ugoko na njumu. Njumu za mtumba zinatosha kabisa. Pima akiwa amevaa soksi, na usinunue kubwa eti atakua nazo, kwa sababu ndizo zinazotoa malengelenge na kuteguka. Kuanzia kubalehe ongeza sidiria ya michezo inayobana vizuri. Hicho ndicho kifaa ambacho hakuna baba anayekikumbuka, na nimeona wasichana wakiacha mpira kwa ajili yake bila kusema sababu.

## Mwili wake

6. Hatageuka jike dume?

Swali hili linaulizwa kwa sauti ya chini, nami nalijibu kwa sauti ya kawaida. Mazoezi yatampa mapaja imara na pumzi. Hayatampa ndevu wala kumbadilisha sauti, kwa sababu hizo ni kazi za homoni na mpira hauzitengenezi.

Hofu yenyewe ni ya sura: nani atamwoa? Imeshafika hadi juu kabisa. Agosti 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akizungumza kwenye hafla ya kupongeza timu ya taifa ya vijana, alisema kuna wachezaji wanawake wenye vifua bapa ambao mtu anaweza kudhani ni wanaume, akagusia pia ugumu wa wao kuolewa. Kauli hiyo ilizua mjadala nchi nzima. Wasichana wangu waliisikia redioni, na kesho yake mmoja alikuja mazoezini amejifunga kanga juu ya jezi. Sikumwambia aitoe. Aliitoa mwenyewe jua lilipokuwa kali.

Wachezaji wameolewa na wana watoto, na wapo ambao hawajaolewa, kama ilivyo kwa washonaji na walimu.

7. Mpira utamharibia kizazi? Na bikira je?

Kizazi kiko ndani ya nyonga, kimezungukwa na mifupa. Kukimbia, kuruka na kupigwa kikumbo cha kawaida hakukiharibu. Wanaorukiwa pabaya wakashika sehemu za siri na kugaagaa chini kwa dakika tano mara nyingi ni wavulana, na hakuna anayewakataza kucheza.

Kuhusu bikira: kizinda ni utando laini unaotofautiana kati ya msichana na msichana. Kinaweza kutanuka au kuchanika kwa baiskeli, kwa kuanguka, kwa mambo mengi yasiyohusiana na mwanaume. Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa walitamka mwaka 2018 kwamba kipimo cha bikira hakina msingi wowote wa kisayansi. Ukimnyima mtoto mchezo ili kulinda kitu ambacho hakiwezi kupimwa, unamnyima bure.

8. Akiwa kwenye siku zake acheze?

Akijisikia, acheze. Wengine mazoezi mepesi huwapunguzia maumivu ya tumbo, na wengine siku ya kwanza hawawezi hata kusimama, hao wapumzike. Kinachowakosesha mazoezi wasichana wengi si maumivu. Ni kukosa pedi, na uwanja kukosa choo chenye mlango. Kwenye begi la huduma ya kwanza naweka pedi na bukta nyeusi ya akiba, na kila mchezaji anajua anaweza kuchukua bila kuniuliza. Nyeupe tuliziacha baada ya msimu mmoja.

Kuna jambo moja la kuangalia. Siku zikikatika miezi mitatu mfululizo na si mjamzito, mpeleke kwa daktari. Mara nyingi ni kwamba anafanya mazoezi mengi kuliko chakula anachokula, na mwili umeanza kubana matumizi. Mifupa nayo hudhoofika hivyo hivyo, kimyakimya.

9. Nimesikia wasichana wanaumia sana magoti. Ni kweli?

Ni kweli, na hii ndiyo hofu ya mwili ninayoomba wazazi waihamishie moyo wao wote wakiacha zile za swali la 6 na la 7. Kano ya mbele ya goti huchanika kwa wanawake mara kadhaa zaidi kuliko kwa wanaume, tena wakati ambapo hakuna aliyemgusa: anatua vibaya baada ya kuruka, au anageuka ghafla na goti linaingia ndani. Kupona huchukua miezi tisa au zaidi, na upasuaji wake ni ghali.

Kinga ipo na ni ya bure. FIFA ina utaratibu wa kupasha mwili uitwao 11+, wenye mazoezi 15, wa dakika 20 hivi: kukimbia, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa, kutua taratibu goti likiwa sambamba na kidole cha mguu. Timu zinazoufuata kwa uaminifu majeraha yao hupungua sana. Nenda kaangalie mazoezi ya binti yako. Kama kocha anawapigisha mizunguko miwili ya uwanja halafu mechi inaanza, muulize kwa adabu.

## Nyumbani, dini na mtaa

10. Akienda mpirani, kazi za nyumbani atafanya nani?

Hili ndilo swali lenyewe. Mengine yote, niliyoyajibu na nitakayoyajibu, mara nyingi ni nguo linazovaa.

Mwaka wangu wa kwanza niliweka mazoezi saa kumi na nusu jioni kama wanavyofanya makocha wa wavulana. Walijaa. Ilipofika wiki ya tatu, nusu walikuwa wameshaacha, nami nikasema wasichana hawana nia. Alikuwepo mmoja, winga mwenye kasi, aliyekuwa akiondoka mbio katikati ya mazoezi kila siku bila kuaga. Siku moja nikamfuata nimfokee. Nikamkuta kwenye foleni ya bomba la mtaa, jezi imelowa jasho, madumu matatu ya njano mbele yake. Maji ya mtaa wao yalikuwa yanafunguliwa saa kumi na moja. Akikosa zamu yake, nyumba nzima inalala bila maji. Nilisaidia kubeba dumu moja na nilipofika kwao nikakuta kaka yake bado hajarudi. Alikuwa mpirani, kwenye uwanja wa pili. Hakuna aliyewahi kumuuliza nani ameteka maji.

Saa kumi na moja jioni ndiyo saa ya msichana kupepeta mchele, kubandika maharage, kufua sare, kumchukua mdogo wake chekechea. Mpira unapangwa saa hiyo hiyo kwa sababu jua limepoa na wavulana hawana la kufanya. Ukiuliza kwa nini wasichana wachache wanacheza, anza kwa kutazama saa.

Tulichofanya: mazoezi mawili ya wiki tumeyahamishia Jumamosi na Jumapili asubuhi mapema, na moja tu limebaki jioni, siku ambayo bomba halitoki. Anayekuja na mdogo wake mgongoni anakaribishwa. Tumetandika mkeka chini ya mwembe nyuma ya goli, na majeruhi ndio walezi wa siku hiyo. Nyumbani, ninachomshauri mzazi ni zamu iliyoandikwa na kubandikwa ukutani, majina ya watoto wote, wa kiume wakiwemo. Siku za mazoezi za dada, kaka anaosha vyombo. Baba mmoja aliniambia mwanawe hajui kuosha sufuria ya ugali. Nikamwambia binti yake naye alikuwa hajui kupiga kona.

11. Binti yangu anavaa hijabu. Ataruhusiwa kucheza hivyo?

Ndiyo. Zamani kulikuwa na zuio. Mwaka 2011 timu ya Iran ilizuiwa kucheza mechi ya kufuzu Olimpiki kwa sababu hiyo. Zuio liliondolewa rasmi Machi 2014. Masharti ni kwamba kitambaa kibane kichwa, kisishonewe kwenye jezi, kisiwe na pini wala ncha zinazoning'inia, na rangi iwe nyeusi au ilingane na jezi. Suruali ya kubana chini ya bukta na fulana ya mikono mirefu navyo vinakubalika. Kombe la Dunia la 2023, Nouhaila Benzina wa Morocco alicheza akiwa na hijabu, wa kwanza kufanya hivyo kwenye mashindano hayo ya wakubwa.

Kuhusu kama dini yenyewe inaruhusu, mimi ni kocha, si sheikh. Niliyoyaona ni haya: Zanzibar timu ya Women Fighters ilianza mwaka 1988, na Pwani ya Kenya, kule Kilifi, shirika la Moving the Goalposts limekuwa likichezesha wasichana tangu 2001, Waislamu wakiwemo. Wazazi wa huku kwetu wanaoniuliza hujali zaidi nani anatazama, wasichana wanabadilishia nguo wapi, na kama watarudi kabla ya magharibi. Hayo matatu tunayaweza. Madrasa ikiwa jioni, ratiba tunaipanga kuizunguka. Ramadhani tunafanya mazoezi mepesi baada ya tarawehe au tunapumzika.

12. Watu wanasema wasichana wa mpira wanasagana.

Najua wanasema. Maneno haya hutumika kama fimbo: yanamfikia mama sokoni, mama anaona aibu, mtoto anatolewa. Sijawahi kuona mpira ukimfanya mtu awe kitu asichokuwa. Timu yangu ina wenye wachumba, wasiotaka kusikia habari za mapenzi, na ambao sijui wala sijauliza, kwa kuwa si kazi yangu kumchunguza mtoto wa mtu. Kazi yangu ni kuhakikisha hakuna anayemsumbua mwenzake na hakuna mkubwa anayemsogelea mdogo (tazama swali la 15).

Ukitaka kujua binti yako anashinda na nani, njoo ukae pembeni ya uwanja mara mbili. Wanaosema sana ni wale ambao hawajawahi kufika.

13. Mimi nimekubali ila baba yake hataki. Nifanyeje?

Usimfiche. Nimewahi kumpokea binti aliyekuwa akija na daftari kama anaenda tuisheni. Siku jina lake liliposomwa redioni kama mfungaji, baba alisikia akiwa kwenye daladala. Alikasirishwa na uongo kuliko mpira, na ilinibidi nikae kwenye kibaraza chake jioni tatu kumwomba radhi, maana nami nilijua.

Kinachosaidia ni kumleta mechi moja, si kumhubiria. Mtangulize mtu anayemheshimu: mjomba, mwalimu mkuu, shangazi wa upande wake. Umpe na majibu ya mambo matatu kabla hajauliza: nani anamsindikiza kurudi, kocha ni nani, shule inaendaje.

## Shule na usalama

14. Hatashuka darasani?

Akikosa usingizi au akikosa vipindi, atashuka. Mazoezi matatu kwa wiki ya saa moja na nusu hayamshushi mtu. Kwetu anayeshuka anapunguziwa mechi, hafukuzwi, kwa sababu ukimfukuza hasomi zaidi. Zipo shule zinazochukua wenye vipaji, kama Alliance ya Mwanza na Fountain Gate ya Dodoma, ambazo zina masomo na timu pamoja. Kabla ya kusaini chochote uliza ada inalipwa na nani akiumia.

15. Kocha ni mwanaume. Nitajuaje mtoto yuko salama?

Uliza maswali yale yale hata kama kocha ni mwanamke. Asiwe peke yake na mtoto chumbani, kwenye gari wala kwenye bodaboda. Kuchua misuli kufanyike mahali pa wazi, mtu mzima wa pili akiwepo. Ujumbe wa simu uende kwenye kundi lenye wazazi, si kwa mtoto usiku. Safari ya mechi za mbali iwe na mlezi wa kike, na wasichana walale chumba chao.

Kocha anayesema "huyu nimemchukua kama mwanangu" na anataka umwachie kabisa, mimi ningemkataa hata angekuwa ameifundisha timu ya taifa. Nafasi kikosini hainunuliwi kwa mwili. Mwambie mtoto maneno hayo hayo, waziwazi, kabla mtu mwingine hajamwambia kinyume. Likitokea jambo, namba ya bure ya msaada kwa mtoto ni 116, Tanzania na hata Kenya, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Usikubali limalizwe kwa kikao cha timu.

## Akishafika mbali

16. Kuna riziki humo?

Ipo, kwa wachache, na inakua. Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania ilianza msimu wa 2016/17, bingwa wa kwanza akiwa Mlandizi Queens. Tangu hapo JKT Queens na Simba Queens ndio wamekuwa wakipokezana ubingwa. Simba Queens walimaliza nafasi ya nne Ligi ya Mabingwa Afrika 2022. Timu za majeshi huvutia wazazi kwa sababu zinanukia ajira ya kudumu, na Kenya pia kuna Ulinzi Starlets na Kenya Police Bullets.

Nje, Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022, kisha Brighton ya Uingereza 2024. Clara Luvanga anafunga mabao Al-Nassr ya Saudi Arabia, nchi ambayo miaka kumi iliyopita mwanamke alikuwa haruhusiwi hata kuingia uwanjani kutazama. Opa Clement amepita Beşiktaş ya Uturuki, na ndiye aliyewafunga Afrika Kusini tulipotoka nao 1-1 kule Morocco, Julai 2025, Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walipocheza fainali za Afrika kwa mara ya pili baada ya zile za 2010.

Na wasichana wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walikwenda Kombe la Dunia India Oktoba 2022. Walianza kwa kupigwa 4-0 na Japani. Siku tatu baadaye wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare 1-1 na Kanada, wakafika robo fainali. Junior Starlets wa Kenya wakafuata 2024 kule Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya soka ya Kenya, ya kike au ya kiume, kufika Kombe la Dunia la FIFA.

Ila mshahara wa wachezaji wengi wa ligi bado ni mdogo, na mikataba mingine haipo kabisa. Cheti cha shule kiwepo.

17. Kuna wakala anasema atampeleka Uarabuni kucheza. Ana miaka 16.

Simama hapo hapo. Kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache kama mzazi kuhama kwa kazi isiyohusu mpira. Anayekuahidi vinginevyo ama hajui kazi yake ama anakutapeli.

Hata akitimiza 18, wakala lazima awe na leseni ya FIFA, na jina lake linatafutika kwenye orodha yao. Klabu inayomtaka mchezaji huandika barua kwa klabu yake. Haimwombi mama mtu pesa ya pasipoti na "vipimo". Wazazi wawili ninaowafahamu wameuza viwanja kwa maneno hayo, na watoto hawakuvuka hata mpaka wa Horohoro.

18. Akipata mimba ndio basi?

Hapana. Kwa mchezaji mwenye mkataba, kanuni za FIFA tangu Januari 2021 zinampa likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 kwa angalau theluthi mbili ya mshahara, na klabu hairuhusiwi kumwacha kwa sababu ya mimba. Asiye na mkataba, yaani karibu wote wa ngazi yangu, hana ulinzi huo. Kwa mwanafunzi, serikali ya Tanzania iliruhusu Novemba 2021 warudi shuleni baada ya kujifungua. Uwanjani arudi taratibu kwa ushauri wa daktari. Mkeka wa swali la 10 unamsubiri mtoto.

19. Timu pinzani wamesema binti yangu ni mvulana, wanataka akaguliwe.

Hakuna mtu uwanjani mwenye haki ya kumvua mtoto wako nguo. Si refa, si kamishna, si mwalimu wa timu pinzani, na "tuwaite akina mama wawili wamwangalie chooni" ni udhalilishaji. Mashindano ya shule na ya wilaya yanakwenda na cheti cha kuzaliwa na fomu ya usajili. Wakiwa na malalamiko, wayaandike.

Ngazi ya kimataifa jambo hili ni gumu zaidi na halijatulia. Barbra Banda wa Zambia aliondolewa kwenye fainali za Afrika za 2022 kwa sababu ya viwango vya homoni, mwaka mmoja tu baada ya kufunga mabao matatu kwenye mechi moja, mara mbili, Olimpiki ya Tokyo. Mwaka 2023 alicheza Kombe la Dunia kama kawaida. Ni mwanamke yule yule, ila mashirikisho tofauti yalimsomea tofauti. Vipimo vikitakiwa huko, ni kazi ya madaktari wa shirikisho, kwa siri, na mchezaji akiwa na mtu wake.

20. Anaupenda mpira kupita kiasi, ila kusema kweli hana kipaji. Nimwambie?

Anajua. Mwache acheze, wachezaji wa akiba nao wanakula machungwa mapumziko. Kisha mwonyeshe milango mingine ya uwanja huo huo. Februari 2016 mechi ya Simba na Yanga ilichezeshwa na Jonesia Rukyaa, mwanamke, mbele ya uwanja uliojaa wanaume wanaojua kutukana. Januari 2022 Salima Mukansanga wa Rwanda akawa mwanamke wa kwanza kupuliza filimbi ya kati kwenye fainali za Afrika za wanaume.

Tuna mmoja wa hivyo hapa. Mguu wa kushoto hana, wa kulia anao kwa taabu. Nilimpa filimbi kwenye mechi ya mazoezi kwa sababu nilikuwa na malaria, na dakika ya kumi akampa kadi ya njano nahodha, rafiki yake wa kufa na kuzikana, kwa kumjibu ovyo. Walirudi nyumbani njia mbili tofauti. Sasa anasomea kozi ya waamuzi, na kila Jumapili ananidai betri za saa.